Rangi ya Zamani

Kabati la mwaloni likija na makoti saba ya rangi
usianze na patasi.
Utang'oa rangi na mbao pamoja,
na mbao ikishaondoka hairudi kwa kuombwa radhi.
Anza na joto. Rangi ivimbe, ijikunje
kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni.
Kabla haijapoa, pakaza dawa.
Ndipo kisu.
Wanagenzi kumi na mmoja nimewafunza hivyo hapa Chełmno.

Kwa hiyo daktari Ożóg aliponichorea puru
nyuma ya bahasha ya bili ya gesi
(neno ambalo kwetu halijawahi kukaa mezani),
akatia duara la wino, sentimita sita kutoka mlangoni,
akasema: mionzi na vidonge kwanza, vyote pamoja,
kisu baadaye,
nilicheka.
Halszka akanifinya paja.

Wiki tano na siku tatu.
Basi la saa kumi na mbili unusu kwenda Bydgoszcz,
theluji ya Februari imechafuka kama pamba ya kufutia mafuta.
Vidonge vya rangi ya pichi: vitatu baada ya mkate wa asubuhi,
vitatu baada ya supu ya jioni.
Na maji. Sharti kibofu kijae
ili utumbo mdogo usogee, usiungue bure.
Barabara ile ina mashimo, nayajua yote,
nimeyahesabu kwa meno.

Mimi niliyekataa kuchanjwa nanga jeshini
nina nukta tatu sasa, moja kila nyonga,
moja mgongoni chini, mahali ambapo sitaiona kamwe.
Fundi wa mashine, binti anaitwa Żaneta,
hunilaza kifudifudi, husukuma nyonga kwa vidole baridi,
milimita mbili, milimita moja, usipumue sana, bwana Bogumił.
Kisha hukimbia.
Mashine huvuma. Haiumi.
Hainuki pia, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi:
kazi yoyote ya moto ninayoijua ina harufu yake.

Wiki ya nne harufu haikuja, moto ulikuja.
Chooni nilishika sinki kwa mikono miwili
nikayataja majina ya misumari yote ya karakana.
Siandiki zaidi. Wanaojua wanajua.

Vidole ndivyo vilivyoniliza.
Vidonge viliwapiga msasa hadi mistari ikafutika;
simu ikanikana, haikutambua kidole cha mwenyewe.
Nikapitisha kiganja juu ya mlango wa kabati,
mbao ikanyamaza.
Miaka arobaini tumezungumza, mimi na mwaloni,
sasa ni kama kuongea na ukuta wa benki.

Halafu wakaniambia: nenda nyumbani, usifanye kitu.
Wiki kumi.
Hapa ndipo wanagenzi wote huharibu.
Dawa imeshapakwa, kazi inaendelea chini kwa chini,
lakini mkono unawasha, unataka kukwaruza uone.
Nami niliwapiga vidole kwa rula: acha! acha ifanye kazi!
Subira, husemwa, huvuta heri.
Yangu ilivuta kiti hadi dirishani,
ikakaa nami, ikatafuna kucha.

Mei. Picha mpya. Daktari Ożóg anaiinamia kimya
mpaka nasikia saa yake ya mkononi.
Imenyweya, anasema. Si yote.
Halafu anachukua kalamu, ananitia alama tumboni,
pale utumbo utakapotokea kwa muda,
au si kwa muda.
Namuuliza: na mbao utaniachia?
Hajui habari za kabati, lakini anaelewa.
Tutaona tukifungua, anasema.
Hakuongeza neno, nami nikamheshimu kwa hilo.

Kabati limebaki ubavu mmoja wa bluu.
Nimelifunika shuka, nimempa Halszka ufunguo.
Alfajiri tunapanda basi lile lile,
mashimo yale yale,
na kibofu changu, kwa mara ya kwanza,
kinasafiri kitupu.